Alama kwenye Mikono ya Bilonda

Mama yangu Bilonda hakuwa mtu wa kulala kitandani jua likiwa juu. Wanawake wa Kapata, kambi ya wafanyakazi wa mgodi karibu na Kolwezi, walimtambua kwa mwendo kabla hawajamwona uso. Alitembea katikati ya barabara, kikapu cha makayabo kichwani, mikono yote miwili ikiwa huru kwa sababu shingo yake haikuhitaji msaada, mmoja ukisalimia nyumba za upande huu na mwingine nyumba za upande ule. Makayabo ni samaki wa chumvi, mgumu kama ubao, aliyekuwa akipanda treni kutoka pwani ya Angola na kuingia kwetu kupitia Dilolo. Wachuuzi wengine walimngojea Kolwezi. Mama yangu alikwenda Dilolo mwenyewe kuchagua.

"Samaki ya kungojea iko samaki ya mabaki," alisema.

Alizaliwa Kasai, akaja Katanga akiwa bibi arusi, siku kadhaa ndani ya treni na kuku mmoja wa mahari aliyekataa kunyamaza njia nzima. Aliyempokea stesheni alikuwa Ngeleka Polycarpe, baba yangu, mfua chuma katika karakana ya mgodi. Baba alikuwa mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Akikusalimia ilibidi usogee karibu ndipo usikie. Kampuni iliwapa nyumba ya matofali pale Kapata, katika safu ya nyumba zilizofanana kiasi kwamba walevi waliingia kwa jirani, wakavua viatu, na kuuliza chakula kiko wapi. Mama alipaka mlango wake chokaa ya buluu. Walevi wakapata alama ya kujielekeza.

Haya ninayoyasimulia yalitokea mwaka wa 1958, Wabelgiji wakiwa bado wenye nchi, na mimi sijazaliwa. Niliyasikia kwa mama, nikayasikia kwa baba, nikayasikia kwa mtu wa tatu nitakayemtaja sasa hivi. Wote watatu waliyasimulia wakiwa wameinua kichwa.

Mtu huyo wa tatu alikuwa mwanamke, Agnès Mbayo. Nyumba yake ilitazamana na yetu. Alikuwa mtu wa Katanga ya kaskazini, Mprotestanti, kiongozi wa wamama katika kanisa lake, na alikuwa na kawaida ya kusema jambo mbele yako badala ya nyuma yako, kitu ambacho watu wengi hukisifu mpaka siku kinapowafikia wao. Yeye na mama yangu hawakuwa marafiki. Walisalimiana kila asubuhi kwenye robine, pale wanawake walipochota maji, na salamu ikaishia hapo. Mama alikuwa Mkatoliki wa Kasai. Mwaka ule maneno ya "wewe unatoka wapi" yalikuwa yameanza kuzunguka sokoni, na watu waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kufikiri kwanza.

Ilikuwa msimu wa mvua. Mama alipokuwa akifungua mzigo wa samaki, mwiba mkavu ulimwingia kwenye kiganja, chini ya kidole gumba. Aliung'oa kwa meno akaendelea na kazi. Kiganja kikavimba, kisha kifundo, kisha mkono ukawaka moto hadi kwenye kiwiko, na homa ikamshika. Baba ndiye aliyemlazimisha kwenda hospitali.

Daktari wa pale alikuwa Mbelgiji bado kijana. Jina lake la ukoo lilikuwa na herufi nyingi za kukwama kooni, basi watu walimwita Daktari Louis tu. Aliupasua uvimbe, akaamuru mama apewe vidonge vya sulfamidi, vyeupe, vikubwa, vya kumezwa na maji mengi. Siku zile watu waliipenda dawa hiyo. Walikuwa wamewaona wagonjwa wa kifua, ambao zamani wangechimbiwa kaburi, wakiinuka na kuomba bukari, ugali wa kwetu. Mama mwenyewe alikuwa ameinywa miaka michache kabla alipougua kifua, na ikamponya bila neno. Safari hii pia ilifanya kazi yake. Uvimbe ukashuka, homa ikaondoka, na kabla vidonge havijaisha mama alikuwa amesharudi sokoni.

Ndipo madoa yakaanza.

Yalianza kwenye miguu, mekundu, madogo kama punje za ulezi, mengi sana. Hayakuwasha wala hayakuuma. Mama aliyatazama akadhani ni viroboto vya mabehewa. Kesho yake akaona bega lake limekuwa la zambarau mahali alipopumzisha kikapu. Mtoto wake mkubwa, kaka yangu, alimshika mkono kwa furaha, na vidole vitano vya mtoto vikabaki vimechorwa kwenye ngozi. Alipopiga mswaki, alitema mate mekundu. Hakumwambia mtu. Aliambiwa amalize vidonge, naye akaendelea kuvimeza kama alivyoambiwa, kwa sababu alikuwa mtu wa kumaliza jambo.

Lakini mikono ya mwanamke huonekana anapochota maji. Pale kwenye robine wenzake walianza kutazamana. Wakaona alama kwenye mikono, wakaona shingo, wakaona jicho moja lina damu pembeni. Wakakumbuka ukubwa wa baba yangu. Wakaikumbuka na kazi yake, ile ya kuinua nyundo kuanzia asubuhi. Sauti yake ndogo, ambayo hapo awali waliiona ni upole, sasa waliiona ni ujanja.

Jumapili mchana, baada ya ibada, Mama Mbayo alivuka barabara akiwa na wamama wawili wa kanisa lake. Baba alikuwa ameketi uani akitengeneza mguu wa kiti. Mama Mbayo hakukubali kuketi.

"Tata Ngeleka," alisema, "mi sikuyake kwako juu ya vita. Nilikuya juu ya bibi yako. Tunaona alama ku mikono yake, tunaona ku shingo. Unamupiga juu ya nini?"

Baba aliweka nyundo chini. Aliniambia kwamba katika maisha yake yote, hata siku chuma cha moto kilipomdondokea mguuni, hakuwahi kuumia vile.

"Mama," alijibu, "mi siyamupigaka bibi yangu. Hata siku moya."

"Sema kwa nguvu, basikie."

"Siyamupigaka."

"Alama inatoka wapi?"

Baba akaitazama nyundo yake pale chini. Yeye mwenyewe alikuwa ameziona, ameuliza, na ameambiwa ni mizigo. Akanyamaza, na kimya cha mtu mkubwa hufanana sana na kukiri. Majirani walikuwa wameshasogea kwenye ua wao. Mmoja alipiga ulimi.

Mama alikuwa ndani, amelala, jambo ambalo lingetosha kuwaonyesha watu kuna kitu kibaya. Alisikia yote. Akajifunga kitenge chake, akatoka hadi mlangoni, akashikilia mwimo. Alikuwa amepauka, midomo kama ya mtu aliyekula udongo.

"Mama Mbayo," alisema, "asante ya kuvuka barabara. Wengine banaona, banapita. Sasa sikia na miye. Huyu bwana nilimukuta ku stesheni na viatu vya kuazima, juu aliona aibu kunipokea miguu mitupu. Mikono yake inajua kupiga paka chuma, chuma tu. Mutu akisema ananipiga, anakosea Mungu. Alama hizi zinatoka mu mwili yangu mwenyewe, na mi sijue juu ya nini."

Alipomaliza, damu ikamtoka puani. Haikuanza kwa tone. Ilishuka kama robine iliyoachwa wazi, ikapita mdomo, ikapita kidevu, ikaingia kwenye kitenge. Mama alijaribu kuinua kichwa nyuma, ikamwingia kooni. Baba aliruka kumshika. Mama Mbayo alifika mapema kuliko yeye. Alivua kilemba chake cheupe cha Jumapili, akakikunja, akakibana puani pa mama kwa nguvu zake zote. Kilemba kikalowa. Akakikunja upande mwingine. Kikalowa tena.

"Hii haina kipigo, ni ugonjwa," alisema, akimtazama baba. Kisha akapaza sauti kuvuka barabara, kwa mume wake: "Banza! Leta kinga!"

Kinga ni baiskeli. Walimketisha mama kwenye chuma cha mizigo, baba akisukuma usukani, Banza akisukuma nyuma, na Mama Mbayo akitembea kando, kichwa wazi, mkono mmoja ukimshika mama kiunoni na mwingine ukibana pua. Hivyo ndivyo walivyotoka Kapata wakaishika njia ya Kolwezi, vumbi jekundu limegeuzwa matope na mvua ya asubuhi, na watu waliosimama wakitazamia Ngeleka apelekwe mbele ya wazee kwa kumpiga mkewe wakawapisha njia.

Hospitalini Daktari Louis aliitwa kutoka nyumbani kwake. Alikuja na kitambaa cha chakula bado kimemning'inia shingoni. Alimtazama mama miguu, akamfungua mdomo, akaona malengelenge meusi ya damu ndani ya mashavu. Akamtoboa ncha ya sikio kwa sindano ndogo na kuigusisha karatasi ya kunyonya wino, tena na tena, akingoja alama za damu zipungue. Hazikupungua. Akachukua tone akaenda nalo kwenye hadubini. Aliporudi, alikuwa na swali moja.

"Vile vidonge. Bado unavinywa?"

Aliyetafsiri alikuwa Barnabé, muuguzi Mkongomani ambaye ndiye aliyekuwa amemfunga mama kidonda. Mama akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemeza asubuhi ile ile.

Daktari aliketi kwenye ukingo wa kitanda. Baba alisema wazungu wengi wasingeketi. Alizungumza polepole kwa Kifaransa, na Barnabé akayaweka maneno katika Kiswahili cha kwetu.

"Daktari anasema, mu damu ya kila mutu kuko bipande bidogo sana, macho haiwezi kuona. Bile njo binaziba tundu damu ikitaka kutoka. Sasa dawa imeponyesha mukono yako, lakini mwili yako imeiona sawa adui. Imetuma basoda, askari yake. Na basoda bale banapiga dawa pamoja na bipande bile. Binaisha. Damu haina tena mwenye kuifungia mulango."

"Ni kosa ya nani?" baba aliuliza.

Barnabé akauliza, akasikiliza.

"Anasema haina kosa ya mutu. Batu elfu na elfu banakunywa dawa hii, banapona. Inapata mutu moya, mara moya moya tu. Yeye mwenyewe alisomaka paka mu kitabu. Mama Bilonda njo wa kwanza anamuona na macho."

Mama, pua imejaa pamba na kitambaa, akasema kwa sauti ya mtu aliye ndani ya mtungi: "Basi anione bizuri."

Daktari alicheka kabla ya kutafsiriwa.

Kisha akaacha kucheka. Dawa imeshasimamishwa, alieleza, na ikitoka yote mwilini, vile vipande vitazaliwa upya vyenyewe. Shida ni siku za katikati. Mama alikuwa amepoteza damu nyingi, na kama itavuja kichwani, hakuna wa kuizuia. Alihitaji damu ya mtu mwingine, na si ya kukaa kwenye chupa, kwa maana vipande vile hufa haraka. Itoke mkononi mwa mtu mzima na kuingia kwa mama leo hii. Damu hiyo haitamponya. Itamshikilia tu mpaka mwili wake upone.

Baba alikuwa amekunja mkono wa shati kabla Barnabé hajamaliza. Wakapima tone lake na la mama kwenye kioo. Yaligandana kama maziwa yaliyoharibika. Haikufaa. Akarudi Kapata kwa baiskeli, kwa ndugu zake wa Kasai. Wengine walikuwa kazini. Wengine walikuwa nyumbani, na hao ndio waliomuumiza. Walimsikiliza wakiwa wameshika mlango nusu. Alirudi na binamu yake mmoja, Tshimanga, na damu ya Tshimanga nayo ikakataa.

Sitaki mtu awacheke wale waliofunga milango. Katanga nzima ya siku zile iliwaogopa batumbula, watu waliosemekana kuwakamata wapita njia na kuwapeleka kwa wazungu, ambako hawatoki tena. Kila familia ilikuwa na hadithi ya mtu aliyekwenda kutafuta kuni asirudi. Sasa unaambiwa uende mwenyewe, kwa miguu yako, ukampe mzungu damu katika chupa! Mama Mbayo mwenyewe alikuwa amewafundisha wamama wa kanisa lake wasiwaache watoto karibu na gari lolote la hospitali. Alikuwa na mjomba aliyepotea. Alinisimulia habari zake akiwa mzee, na hata wakati huo alizungumza kwa kunong'ona.

Mchana ule alikuwa bado kwenye chumba cha mama. Hakuna aliyemwambia abaki. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kilemba chake kilicholowa kimekunjwa mapajani, akimtazama baba aliyesimama dirishani akiwa amewapa mgongo watu wote. Mabega ya baba yalikuwa yakitikisika.

Mama Mbayo akasimama.

"Barnabé. Pima yangu."

Banza, mumewe, alikuwa mlangoni. "Mama, unasema nini?"

"Nasema bapime yangu."

"Na ule mujomba wako? Ulisahau?"

"Siyasahau."

Mama yangu, kitandani, alifumbua macho. Alimwita kwa mkono asogee. "Mama Mbayo, usijitie mu hatari juu yangu. Miye na wewe hatuna ndugu, hatuna kanisa moya. Uko na batoto."

"Nilivuka barabara juu ya kukukinga," Mama Mbayo akajibu. "Nilidhani ni bwana wako njo mwenye kukuua. Kumbe ni kingine. Sasa nirudie nyumbani juu adui iligeuka?"

Barnabé akatoboa kidole chake, akachanganya matone kwenye kioo. Wote waliinama kutazama, hata Banza. Matone yalikaa pamoja, laini, mekundu, kama tone moja.

Mama Mbayo akaweka sharti. Alitaka alale kitanda cha karibu na mama, alitaka macho yake yawe wazi, na alitaka Banza asimame katikati aiangalie chupa. "Isitoke mu chumba. Nione kwenye inaenda." Barnabé aliogopa kutafsiri. Daktari aliposikia, akasema mama huyu ana haki, akamletea Banza kiti. Banza hakuketi. Alisimama kama askari wa benki, akiitazama damu ya mkewe ikijaa kwenye chupa, chupa ikiinuliwa kwenye mti wa chuma, na damu ikishuka tena, tone kwa tone, kwenye mkono wa mwanamke wa Kasai. Chupa haikwenda popote.

"Unasikia nini?" Mama Mbayo alimuuliza mama.

"Nasikia moto kidogo ku mukono."

"Hiyo ni hasira yangu," akasema. "Inakuingia."

Wakacheka wote wawili, na daktari akawaomba wanyamaze kwa ajili ya pua.

Kulipopambazuka, vitambaa puani vilikuwa na damu iliyokauka, si mbichi. Hatari haikuwa imekwisha, na daktari hakujifanya kuwa imekwisha, lakini mama alikuwa hai, na aliomba uji. Mama Mbayo alipewa chai yenye sukari nyingi na mkate, akaambiwa apumzike, na Banza akataka kumpandisha kwenye baiskeli. Alikataa. Alitembea kwa miguu hadi Kapata. Alipoingia kambini, aliikunja mikono ya blauzi yake na kupita katikati ya barabara, kichwa wazi, plasta nyeupe mkononi, taratibu, akisalimia kila nyumba kwa jina. Wamama walitoka. Walimgusa. Mmoja akamwambia atembee tena aone kama kivuli chake kipo.

"Balinikamata damu," aliwaambia, "na mi niko hapa. Nani anaenda leo?"

Siku ile walikwenda wanne, wawili wa Kasai na wawili wa Katanga. Damu ya mmoja ilifaa, mke wa mkata tiketi wa treni, mwanamke mwembamba ambaye hakuna aliyemtazamia. Mama akaongezewa. Madoa yakaacha kuongezeka, yakageuka ya kahawia, kisha manjano, na ngozi yake ikarudi polepole kama anga baada ya moshi wa kuchoma mashamba.

Kabla mama hajatoka hospitalini, Mama Mbayo alikuja uani kwetu mara ya pili. Alimkuta baba kwenye kile kiti chake cha kutengeneza. Akapiga magoti, akapiga makofi polepole kama wanavyofanya kwao mbele ya mkubwa.

"Tata, nilikuhukumu na macho."

Baba aliona aibu kubwa, akamwinua. "Mama, ulikuya juu ya bibi yangu. Mutu mwenye kumuchunga bibi yangu, nitamukasirikia namna gani?" Alisema kwa ile sauti yake ndogo, na safari hii hakuna aliyemtaka aongeze nguvu.

Daktari Louis alimpa mama onyo moja: kidonge kile, hata nusu, hata kipande, asikiguse maisha yake yote. Mwili wake haungesahau. Mama hakujua kusoma, na alisafiri sana. Baba akaliwaza hilo kwa namna ya mtu wa karakana. Aliomba ruhusa kwa kapita wake, msimamizi wa karakana, akapewa kipande cha shaba, akakifua chembamba, akakizungushia kingo, na kugonga herufi moja moja kwa Kifaransa: PAS DE SULFAMIDES, yaani asipewe sulfamidi. Mama akakivaa shingoni kwa uzi.

Watu wakasema ni hirizi. Padri naye aliona kitu kinang'aa alipompa komunyo, akamngoja nje ya kanisa, uso umekaza. Mama akamwinulia akisome. Padri akasoma, akasoma tena, kisha akaomba maji ya baraka, akakibariki.

Mwaka uliofuata kipande hicho kilimwokoa. Alikuwa Lubudi akinunua mahindi, kifua kikamshika, na muuguzi wa pale, mtu mwema aliyekuwa na foleni ndefu, akamhesabia vidonge vyeupe kwenye karatasi. Mama akaweka shaba juu ya meza. Muuguzi akauliza ni nani aliyemwandikia.

"Bwana wangu," mama akasema.

"Iko munganga?"

"Hapana. Anapiga chuma. Lakini soma."

Akapewa sindano ya penisilini badala yake, akarudi nyumbani na mahindi yake yote.

Na mimi nikazaliwa. Naitwa Agnès, jina ambalo halikuwamo katika ukoo wetu. Mama Mbayo aliponishika mara ya kwanza, wanasema alinikagua vidole vyote kama mtu anayepokea mzigo wake stesheni.

Lakini jambo ambalo Kapata ilijivunia zaidi lilikuja baadaye kidogo. Lori lililobeba wachuuzi na magunia lilipinduka kwenye mteremko wa barabara ya Lubudi asubuhi ya soko. Waliletwa wengi, na dereva, kijana kutoka Dilolo, alikuwa amepasuka paja. Daktari alimtuma Barnabé kambini kutafuta damu. Barnabé aliniambia kwamba njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kuwabembeleza watu, akikumbuka milango iliyofungwa nusu. Hakuyatumia. Alikutana nao njiani. Habari za lori zilikuwa zimefika sokoni, na mama yangu na Mama Mbayo walikuwa wameshapita nyumba kwa nyumba, mmoja safu ya kulia, mwingine safu ya kushoto. Wanawake walikuja wakiwa kundi zima, na nyuma yao wanaume wachache waliokuwa wameona haya kubaki. Wakaketi kwenye benchi refu la ukumbi wa hospitali, Wakasai na Wakatanga, walivyofika ndivyo walivyoketi, mikono imekunjwa tayari.

Mama naye aliketi. Daktari alipofika kwake, akatikisa kichwa. Yeye alikuwa na mimi mgongoni na historia ile ndani ya damu, hakuruhusiwa kutoa. Basi akasimama mlangoni. Kila aliyetoka kwenye chumba cha sindano alimpokea, akamketisha, akampa uji aliokuwa ameuleta kwenye sufuria yetu kubwa. Kila aliyeogopa kuingia aliingia naye, akamshika mkono wa pili.

Dereva alipona. Alipoweza kutembea na mkongojo, alituma mbuzi kwa treni kutoka Dilolo. Mbuzi alifika stesheni na ujumbe wa mdomo tu: apelekwe kwa wamama wa Kapata. Hakukutajwa jina. Pakawa na mabishano makubwa pale kambini, mbuzi alale ua wa nani, maana damu ya watu watatu ilikuwa imeingia kwa kijana yule, na wanawake wote waliokaa kwenye benchi walijihesabu. Mama Mbayo akakata shauri. Mbuzi alipikwa siku ya Jumamosi, uani kwa yule mke wa mkata tiketi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mti wa kivuli. Waprotestanti waliomba, maombi yao yakawa marefu. Wakatoliki wakaomba baada yao ili wasipitwe. Bukari ilipakuliwa kwenye sinia moja baada ya nyingine. Baba yangu alikula sana, akanawa, kisha akasimama kutoa shukrani kwa niaba ya wanaume, na watu wote, mpaka watoto, wakasogea karibu ili wamsikie.